Kitabu cha Fukusi

Kitendaguro, Bukoba
9 Machi 2025

Mwanangu Joanitha,

Naamini umeamka salama wewe, Dastan na watoto. Sisi huku tupo. Miguu yangu imevimba hadi viatu vimekataa, natembea na kandambili za huyu Annastella anayeniuguza. Daktari anasema moyo umechoka kusukuma. Nimemwambia hata mimi ningechoka, miaka themanini na mitatu si mchezo. Mvua zimeanza vizuri, ila migomba ya nyuma ya nyumba inaanguka yenyewe na mikungu yake michanga. Annastella anasema ni upepo. Upepo gani unaoangusha mgomba mmoja na kuacha jirani yake?

Naandika kwa mkono kwa sababu unazozijua. Kwenye simu sisikii, na simu ya nyumba hii ni ya Annastella, ambaye kila meseji anaisoma kwa sauti ya kunadi samaki. Haidari, konda wa kosta ya Muleba, ameahidi kukufikishia barua hii mpaka mezani.

Sasa nisikilize. Nimekasirika, na aliyenikasirisha ni wewe.

Kuna binti analala kwa jirani yangu tangu wiki iliyopita. Jina lake sikuandikii. Anatoka visiwani kwenu. Alikuja Muleba kununua mahitaji, akaingia kwenye maktaba yako, akakaa kwenye kona na kimoja cha vile vishikwambi vyenu, akafungua kitabu kinachoeleza namna ya kuishi na virusi vya UKIMWI. Kabla ya kumfungulia mlimtaka namba ya simu. Yeye hana simu. Akaandika namba pekee anayoijua kichwani, ya mume wake. Mlitaka aandike ya nani?

Siku chache baadaye simu ya mume ikalia, akiwa mwaloni anapakua dagaa na wenzake. Kusoma kwake ni kwa shida, akampa mwenzake. Mwenzake akasoma kwa sauti: "Hongera! Umesoma sura 2 kati ya 6 za kitabu KUISHI NA VIRUSI VYA UKIMWI. Usiishie njiani, endelea!"

Kabla jua halijazama mwalo wote ulikuwa unajua. Nguo za yule binti zilitupwa ziwani. Alizifuata hadi maji yakamfika kifuani, na mtoto mgongoni.

Nilikuwa mkutubi miaka ishirini na sita. Wewe umeifuata kazi hii kwa sababu ulinikuta mimi ndani yake, nami nikajivuna mbele ya watu. Nataka kujua ni nani aliyekaa kwenye kiti akatunga neno "Hongera". Na nataka ufute namba za simu za wasomaji wako wote. Usiniandikie habari nyingine kabla ya hiyo.

Shangazi yako,
Restituta

*

Muleba
30 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Pole na miguu. Tafadhali usile chumvi, na umwambie Annastella akuwekee mto chini ya miguu unapolala. Watoto hawajambo. Dastan yuko Biharamulo kikazi.

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Nilisubiri hasira ipoe, haikupoa.

Kilichompata huyo binti kimeniuma. Lakini unaandika kana kwamba nimesimama sokoni nauza siri za watu. Fomu inamwambia msomaji aweke namba yake. Akiweka ya mtu mwingine, mfumo utajuaje? Mimi nitajuaje?

Na wewe unakiona kilichoharibika tu. Mtoto wa kidato cha pili kule Bumbire anasoma kitabu cha fizikia bila kupanda mtumbwi. Mzee Karugendo, asiyeona, anakuja kila asubuhi kusikilizishwa magazeti na kishikwambi, anabishana nacho kama anabishana na mtu. Mkutubi wa leo hakai akilinda makabati. Nafundisha watu kutafuta, nawafundisha kutambua habari za uongo, natengeneza mashine zikigoma. Wewe ulikuwa na makabati manne na ufunguo kiunoni. Aliyetaka kitabu ilibidi akitaje mbele ya macho yako. Hiyo ndiyo siri?

Wanaoulipia mradi huu wa vishikwambi wanataka ripoti: nani amesoma nini, amefika wapi. Bila ripoti hakuna umeme, hakuna bando, na mimi pia sipo. Samahani kwa kusema hivi, lakini maktaba yenu ya Bukoba si ilifungwa kwa kukosa wasomaji? Hadithi hiyo nimeisikia tangu niko mdogo. Labda mngekuwa na ripoti ingekuwepo mpaka leo.

Mwanao,
Joanitha

*

Kitendaguro
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Joanitha,

Pasaka njema. Padre aliniletea komunyo nyumbani kwa sababu kanisani sifiki tena. Migomba mingine mitatu imeanguka. Salamu zimeisha.

Kukosa wasomaji! Barua yako niliisoma mara mbili, halafu nikaikalia ili nisiione.

Mwaka 1986 ulikuwa mtoto, huwezi kukumbuka. Kila Jumamosi tulikuwa msibani. Watu walikuwa wakiuita ugonjwa ule Juliana, jina la vitambaa vya magendo, wengine waliita uchawi, wengine hawakuuita kitu. Wakatuletea kijitabu chembamba cha Kiswahili kilichoeleza kila jambo: unavyoambukizwa, usivyoambukizwa, namna ya kuwalinda wa nyumbani. Jalada lake lilikuwa jekundu na herufi kubwa za kuonekana toka barabarani. Nikakiweka kwenye kabati. Hakuna aliyekigusa. Meza ya kusomea ilikuwa dirishani, na dirisha lilitazama njia ya sokoni.

Basi nikachukua wembe. Tulikuwa na kitabu cha kilimo chenye jalada gumu la kijani, kinaitwa Fukusi wa Migomba, habari za mdudu mmoja wa shambani. Nikakikata kurasa zote, nikakibakiza jalada tupu, nikashonea kile kijitabu ndani yake. Mkutubi na wembe! Kisha nikamwambia muuguzi mmoja ninayemwamini, naye akawaambia wenye shida.

Wakaja, mwanangu. Wavuvi wasio na hata mgomba mmoja waliulizia kitabu cha fukusi. Katekista aliulizia. Tajiri mmoja wa magendo ya Uganda aliinama mezani kwangu akasema, "Dada, fukusi wamenisumbua sana mwaka huu," huku machozi yanamtoka. Fundi cherehani mmoja alikuja kila Alhamisi na kusoma ukurasa uleule. Nilikuwa nikimpa mtu kitabu, nageuza kiti changu kutazama ukutani mpaka amalize. Ukuta ule naujua nyufa zake zote. Kwenye kadi sikuandika jina la yeyote. Umeniuliza kama hiyo ndiyo siri. Ndiyo hiyo.

Mwaka 1994 chama kilichokuwa kinatulipa kilituma wakaguzi. Vijana wenye miwani, kama wewe. Wakahesabu kadi, wakakuta nyeupe. Wakasema, "Mama, hapa hapasomwi." Nikasema panasomwa. Wakasema, "Basi tutajie hao wasomaji, hata kumi, tuwaone." Sikutaja. Wengi walikuwa makaburini na wajane wao walikuwa wanaishi. Wakafunga. Leo pale wanauza vigae vya bafuni.

Kwa hiyo usinifundishe mimi habari za ripoti. Nilikuwa na wasomaji kuliko mtu yeyote katika mkoa huu na niliwapoteza wote kwenye karatasi ili wasipotee majumbani mwao. Namba za simu umefuta? Hukusema. Na la "Hongera" hukunijibu.

Restituta

*

Muleba
18 Mei 2025

Shikamoo Shangazi,

Hali yako nimeisikia kwa Haidari, anasema sasa unakaa kitandani kutwa. Pole sana. Watoto wako kwenye mitihani. Mama huko Izimbya hajambo, amenitumia ndizi na kahawa ya kutafuna, na sehemu yako nampa Haidari pamoja na barua hii.

Nakujibu la kwanza. Neno "Hongera" nililitunga mimi. Niliona linatia moyo. Nilikuwa nawaza watoto wa shule.

La pili. Baada ya barua yako nilitaka kujua kama binti huyo alipita kwangu. Nikafungua mfumo, nikaandika jina la kitabu. Chai haijapoa nilikuwa nimeshajua jina lake, umri, kitongoji, na kwamba alifungua sura ya pili mara tisa. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimwendea Bwana Lwakatare, msimamizi wetu. Akasema, "Mama, ukitoa namba na majina, ripoti inabaki sifuri. Unataka nifunge kituo?" Akacheka, akaniagizia soda.

Sasa la tatu, na hili halihusu mradi.

Fundi cherehani. Kila Alhamisi.

Mama mpaka leo akitaka kuwachekesha wanawake wa jumuiya huwaambia: "Protase wangu alikuwa akipiga pasi shati kila Alhamisi, anakwenda mjini. Nikimuuliza, baba Joanitha, unafuata nini? Ananijibu, nasoma habari za fukusi. Fundi cherehani na fukusi, wapi na wapi! Kumbe fukusi wenyewe wamevaa sketi." Wanacheka, na yeye anacheka zaidi yao wote. Nimekua nikiisikia.

Nilikuwa na miaka minne baba alipofunga cherehani yake kwenye baiskeli akaenda kuishi Bumbire na kushona matanga ya wavuvi. Mdogo wangu Derick alikuwa bado tumboni. Baba hakulala tena nyumbani hata siku moja. Mwaka 1989 wakamleta kwenye jeneza, wakasema malaria ya visiwani. Watu wote walijua ni mwanamke. Nimemchukia, Shangazi. Nina watoto wa kiume wawili na hakuna niliyempa jina lake. Wewe ulikuwapo siku ya ubatizo wa wote wawili, uliona, ukanyamaza.

Alisoma nini? Nijibu. Zile namba najua njia ya kuziondoa. Itanigharimu kazi, lakini njia ipo. Niandikie alichosoma kaka yako, nami nitaziondoa siku hiyohiyo nitakayopata barua.

Joanitha

*

Kitendaguro
27 Juni 2025

Joanitha,

Kahawa ya mama yako Alistidia nimeipata, mwambie ahsante. Barua yako imekaa chini ya mto wiki tano. Katikati walinipeleka hospitali, wakanitoa maji kwenye mapafu, wakanirudisha. Padre amenipaka mafuta matakatifu. Aliniuliza kama kuna hasira ninayoibeba. Nikamwambia ipo. Akasema niitubu. Nikamwambia bado naitumia.

Unanipangia bei. Wasomaji wako kwa msomaji wangu. Umejifunzia wapi biashara hiyo? Kama utafuta namba kwa sababu nimekulipa, kesho atakuja mwingine na malipo makubwa zaidi utazirudisha. Sitaki.

Lakini nakufa, na nimeamua kutokufa na yote. Haya ndiyo niliyoyakusudia kukuungamia, na hakuna mengine.

Alikuja. Ndiye huyo. Alikaa dirishani, na mimi nikageuza kiti kumpa mgongo kaka yangu wa tumbo moja. Siku ya mwisho alirudisha kitabu akaniambia, "Resti, wewe hukuniona hapa." Nikamwambia sikukuona. Ni maneno hayo tu. Hatukukumbatiana.

Na nimemkasirikia kwa maneno hayo miaka thelathini na sita. Nilikaa msibani kwake nikasikia wanawake wakimtukana. Nimekaa kwenye jumuiya nikasikia utani wa sketi, nikatabasamu ili watu wasione kuwa sitabasamu. Nimekutazama ukimchukia. Kila ubatizo wa watoto wako nilirudi nyumbani nikavunja kitu. Sahani moja, kikombe kimoja. Annastella anadhani ni uzee. Nimemlaani Protase kwa kuniachia mzigo asioweza kuja kuutua, na nimekulaani wewe kwa kuwa na macho yake unaponiuliza. Sijui kama nimefanya vizuri kunyamaza. Padre hajui pia. Nilimuuliza kama yeye anaweza kusema aliyoambiwa kwenye kiti cha maungamo ili kumfurahisha mtoto wa marehemu, akanitazama, akabadilisha mazungumzo.

Alichosoma sikwambii. Ukasirike. Nakuruhusu.

Na usimtafute yule binti. Ulishamtafuta mara moja bila kutoka kitini.

Restituta

*

Muleba
20 Julai 2025

Shikamoo Shangazi,

Nilikasirika kama ulivyoniruhusu. Nilichana barua yako vipande viwili, kisha nikaiunga kwa gundi ya maktaba. Dastan amerudi, anakusalimu. Watoto wamefunga shule.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Izimbya. Nilimkuta mama kibanjani na kisu chake, anapunguzia migomba majani makavu, anaimba. Ana miaka sitini na sita. Nikamsaidia kubeba majani, nikamuuliza baba alimuagaje siku ile. Akasema: "Hakuniaga. Alisimama mlangoni, hakuingia. Nikampa mkono, akauficha mgongoni. Tumbo langu lilikuwa hivi! Hata kuligusa hakutaka. Akasema, 'Alistidia, kula vizuri.' Kama anaongea na mgeni."

Nikakaa pale chini nikamtazama anavyokata. Wenzake walioolewa mwaka mmoja naye, wale ninaowajua kwa picha ya harusi, wote waliwafuata waume zao makaburini. Yeye hakumfuata mtu. Derick ana watoto watatu. Mimi nipo.

Shangazi, usinijibu. Sikuulizi tena.

Mama sikumwambia kitu, kwa sababu na wewe hujaniambia kitu. Ila jioni wanawake walipokuja, akaanza, "Protase wangu alikuwa akipiga pasi shati," nikamwambia, "Mama, huo utani umezeeka, tafuta mwingine." Akanitazama sana. Hakuumalizia. Nadhani siku moja ataniuliza.

Sasa habari za kazi. Namba zote nimeziondoa kwenye mfumo, na majina yote, ya zamani na ya sasa. Nilifanya hivyo kabla ya kwenda Izimbya, ujue. Kwa kila msomaji nimeweka namba moja, ile ya simu ya maktaba iliyoko mezani kwangu, na jina moja, Msomaji. Kwa hiyo meseji zote zinakuja kwangu. Simu inatetemeka kutwa kama senene ndani ya debe. Hongera, umemaliza sura ya nne. Hongera, umebakiza kurasa kumi. Nilitunga upuuzi mwingi sana, Shangazi, na sasa nausoma wote peke yangu.

Bwana Lwakatare alipiga simu. "Mama, ripoti inaonyesha Muleba kuna mtu mmoja anasoma vitabu mia nne kwa wakati mmoja."

Nikamwambia, "Ni msomaji hodari."

"Usinitanie. Hao wasomaji ni akina nani?"

"Sijui."

"Hujui vipi, na unakaa nao kutwa?"

"Nakaa nimegeukia ukuta."

Barua ya kujieleza imekuja. Mkataba wangu unaisha Septemba na ameshasema hautaongezwa. Anaweza kumleta mtu mwingine atakayeweka namba upya. Sijui nitazuiaje hilo. Nimewaambia wasomaji wangu mmoja mmoja, kwa mdomo, kwamba akija mwingine akawaomba namba, waandike ya maktaba. Mzee Karugendo ameikariri, anawafundisha wengine getini.

Yule binti anaendeleaje?

Mwanao,
Joanitha

*

Kitendaguro
10 Agosti 2025

Mwanangu Joanitha,

Mwandiko utauvumilia. Salamu kwa Dastan na watoto, na kwa huyo Mzee Karugendo, ambaye ningempenda.

Umesema nisijibu. Sijibu.

Kuhusu binti, utamuuliza mwenyewe siku akitaka kuulizwa.

Huyo Lwakatare wako nina maneno naye. Nimeanza kumwandikia barua na nimefika ukurasa wa tatu, kila siku mistari miwili. Nikifa kabla sijaimaliza, mpelekee hivyohivyo. Na anayekuja baada yako, mwambie kuna kizee Kitendaguro kimemkasirikia kabla hajafika.

Nizikeni kibanjani, upande wa Protase. Nina ya kumwambia na hatakuwa na pa kukimbilia.

Jambo la mwisho. Jana Annastella alipasua kwa panga shina la mgomba mwingine ulioanguka, akaniletea kipande kitandani. Ndani kumejaa matundu, na mdudu mweusi mwenye pua ndefu anatembea humo kama mwenye nyumba. Fukusi. Miaka yote nimewapa watu kitabu chake na sijui hata dawa yake ni nini. Kurasa zake nilizikata nikazitupa bila kusoma hata mstari.

Njoo na hicho kishikwambi. Lazima humo kipo kitabu cha fukusi, cha migomba, cha kweli. Niandikishe kuwa msomaji, namba unaijua. Utanisomea karibu na sikio, na Annastella atafanya kitakavyosema, maana hii migomba mtaihitaji siku ya kunizika, watu watakuja wengi na lazima wale.

Bado nimekasirika. Njoo upesi.

Restituta